Mkalimani na Njia ya Majina

Nilimwibia mtu huyu, na sitaki mtu yeyote anisaidie kulitafutia jambo hilo jina laini. Wenzangu wa chuo kikuu wana maneno mengi ya kuuita wizi wa aina hii: ushirikiano, mchango wa wenyeji, kazi ya pamoja. Mimi nasema niliiba. Nilichukua kitu alichokitengeneza yeye kwa akili yake, juani, huko Ukambani nyuma ya soko la Kwa Vonza, mwaka wa ukame mkubwa, nikakipeleka Nairobi nikakivalia joho. Nitaeleza nilivyofanya. Lakini kwanza nataka mumjue, kwa sababu katika yote tuliyochapisha hayumo.

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe alikuwa hapendi wanafunzi walitaje. Ukimwuliza, alijibu, "Jina nilipewa na mama yangu, kazi nilijipa mwenyewe. Niite na kazi." Basi tukamwita Mkalimani. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyetumwa Ukambani wakati wa likizo ndefu kufanya utafiti wake, awe wa sosholojia, jiografia au kilimo, alipitia mikononi mwake. Ungeanza kuwahoji wachuuzi wa Malili kando ya barabara ya Mombasa, au wakulima wa kunyunyiza maji kule Kibwezi, ukakwama kwenye Kikamba, na mtu angekuambia umtafute yule mzee wa mwavuli.

Mwavuli wenyewe ulikuwa mweusi, mrefu, na kijiti kimoja kilikuwa kimefungwa kwa waya. Tulimcheka, maana mvua yenyewe hatukuwa tumeiona. Kisha tukagundua kwamba hajifuniki yeye. Alikuwa anamfunika anayeulizwa. Mama akikaa kwenye kigoda chake kujibu maswali yetu, Mkalimani alisimama kando yake na mkono umenyooka, saa nzima, saa mbili, mwavuli juu ya kichwa cha mama na yeye mwenyewe jasho linamtiririka shingoni.

"Mtu hawezi kufikiri na jua iko kichwani," alisema. "Nyinyi mnataka majibu ama mnataka kelele?"

Kabla ya swali la kwanza ilikuwa lazima mwanafunzi ajitambulishe. Hilo tulilitarajia. Tulikuwa tumefundishwa darasani: jina lako, chuo chako, mada yako, asante kwa muda wako. Mkalimani alikuwa na sheria zake. Mwanafunzi alisimama, mwenyeji alikaa. Hakuna aliyeketi mpaka mwenyeji mwenyewe amwambie aketi. Na kulikuwa na mambo matatu ya kusema: wewe ni mtoto wa nani, nani amekutuma, na haya maneno unayapeleka wapi. Ukiacha moja, anakaa kimya na kuangalia mbali mpaka uone haya.

Mimi nilisimama kwenye boma la kwanza nikaanza kwa sauti ya darasani. Naitwa Nafula, mwaka wa pili, sosholojia, nafanya utafiti kuhusu mikakati ya kaya katika kukabiliana na upungufu wa chakula.

"Hiyo sitafsiri," alisema.

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu hujasema kitu. Mama yako anafanya nini?"

"Anauza ndizi. Kwetu Bungoma."

"Amewahi kulala njaa?"

Nilitazama chini. Chuoni nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, hata msichana niliyelala naye chumba kimoja. Nikasema ndiyo.

"Basi sema hiyo. Sema wewe ni mtoto wa mwanamke wa kuuza ndizi, na amelala njaa, na umetumwa uulize wengine wanalala namna gani."

Nilisema. Nilimchukia mzee yule kwa dakika nzima. Akatafsiri. Mwenye boma, mama mzee tuliyekuja kumwita Mwaitu, yaani mama, kama wenyeji walivyomwita, aliniangalia, akasogea kwenye benchi yake, akapiga mahali patupu kwa kiganja. Nikaketi. Sijawahi kupewa kiti kilichonigharimu kama kile.

Mwenzangu Otieno alikuwa anasomea hesabu. Yeye alitaka kufanya mambo kwa ufupi. "Mwambie tu mimi ni mtu wa hesabu." Mkalimani akatafsiri vilevile, na Mwaitu akageuka akawaita wajukuu wake waliokuwa wakicheza uani waingie ndani, haraka, mmoja mmoja, akafunga mlango. Otieno alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Watu walisema alijifunzia kazi kortini, katika miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru. Alikuwa mkalimani wa hakimu mmoja, mahali ambapo sitapataja. Kisa chenyewe nilikisikia kwa mkewe, aliyekisimulia akisonga ugali, na yeye Mkalimani akiwa ameketi palepale akijifanya hasikii. Hakimu alimwita mama mmoja mzee mjinga na mwongo. Mkalimani akamwambia yule mama, kwa Kikamba safi: wewe ni mjinga na mwongo. Mama akajibu kwa maneno ambayo mkewe hakuyarudia mbele yangu. Mkalimani akamgeukia hakimu akayapitisha yote, bila kuruka hata moja, kwa heshima zote za mahakama. Karani akaangusha kalamu. Jioni ile Mkalimani akaambiwa asirudi.

"Na hakuomba msamaha?" nilimwuliza mkewe.

"Huyu? Huyu aliuliza kama kuna neno alitafsiri vibaya. Wakasema hakuna. Basi akachukua mwavuli yake akakuja nyumbani. Tukakula isyo, mahindi na maharagwe, bila mafuta mwaka mzima."

Ndiyo sheria aliyotoka nayo kortini: usiongeze, usipunguze. Aliishika kwa ukaidi uliochosha. Mtu akikohoa katikati ya jibu alisubiri kikohozi kiishe, kisha akatuambia mtu amekohoa. Mtu akilia, alisema, "Analia," na kunyamaza mpaka aliyelia amalize. Na alikuwa na namna moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Akitaka kusema neno lake mwenyewe, alitoka mahali aliposimama, akapiga hatua moja kushoto, akafunga mwavuli. "Sasa ni mimi ninasema," angetangaza. Akimaliza anarudi mahali pake, anafungua mwavuli, na maneno yake mwenyewe yamekwisha.

Hapo hasa ndipo nilipompenda, nadhani. Pale chuoni kila mtu alikuwa anasema maneno ya mwingine kama yake, na yake kama ya mwingine, na hakuna aliyesogea hata inchi.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mzee wa kanisa, kanisa la watu wasiogusa pombe wala tumbaku, na mfukoni alikuwa na ugoro kwenye kichupa cha dawa ya macho. Alijificha nyuma ya choo cha shule kuuvuta, akarudi anapiga chafya, akitulaumu sisi na vumbi la viatu vyetu. Alikuwa na maringo ya viatu, navyo alivipangusa kwa majani kila tulipokaribia boma la watu. Na yeye aliyebeba maneno ya Ukambani nzima mdomoni, kwake alikuwa bubu. "Mimi hanitafsirii kitu," mkewe alilalamika. "Nikimwuliza amefikiria nini, anaangalia mbuzi."

Tena alitudanganya. Alitufanya tuamini kwamba anajua Kikamba na Kiswahili tu, na kwamba hata kortini alitumia hizo mbili. Kwa hiyo tulisema tulichotaka kwa Kiingereza mbele yake. Otieno alimwita makumbusho yenye miguu. Mimi nilisema viatu vyake vina akili kuliko yeye. Alitembea mbele yetu na mwavuli wake kwapani, kimya, mwezi mzima.

Maswali aliyoyakataa ningeweza kuyajazia daftari. Mwanafunzi mmoja wa sheria alikuja na swali: mumeo anakupiga mara ngapi kwa mwezi? Mkalimani akairudisha fomu mkononi mwa mwenyewe. "Kwanza uliza kama anampiga. Halafu nenda nyumbani uulize mama yako hivyohivyo. Akikujibu, rudi." Mwingine alitaka kujua kama watu wanaamini uchawi. "Hiyo nitatafsiri," alisema, "lakini watakuuliza wewe kwanza, na wewe uko na hirizi kiunoni, niliona ukiinama." Kijana yule akafunga daftari akarudi Nairobi kubadilisha mada.

Lile la mbuzi alilitafsiri kila mara. Sijui kwa nini, labda alilifurahia. "Una mbuzi wangapi?" Na mwanamume, nyuma yake kuna zizi limejaa mbuzi wanaolia, angejibu kwa upole kabisa, "Kambuzi kamoja." Mkalimani alitwambia, "Kambuzi kamoja." Mbuzi wakalia. Tukaandika moja. Mali ya mtu haihesabiwi kwa sauti mbele ya wageni, kila mtu pale alijua, na kila mtu alijua kwamba sisi hatujui.

Mimi nilipaswa kujua. Kwetu Bungoma nyanya yangu alikuwa akiulizwa idadi ya wajukuu anasema, "Hawa hapa," na kuonyesha kwa mkono. Nililelewa humo. Lakini miaka miwili ya chuo ilikuwa imenisugua hadi nikawa safi, na nilipopewa fomu yenye kisanduku cha namba, sikumkumbuka nyanya yangu hata kidogo.

Mwaka ule wa ukame hatukutumwa tu kutafuta shahada. Msimamizi wetu, mhadhiri aliyetusimamia sote wanne, alikuwa amekubaliana na kamati ya chakula cha msaada kwamba wanafunzi wake watafanya hesabu ya kijiji kwa kijiji upande wetu. Chakula kingegawanywa kulingana na fomu zetu. Kulikuwa na mahindi ya manjano kwa kila nyumba, na maziwa ya unga kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kisanduku namba nne: watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi?

Kwa siku nne Mkalimani alitafsiri. Mama alisema wawili, yeye akasema wawili. Mama alisema mmoja, akasema mmoja. Mama mwingine alisema, "Wale Mungu amenipa," na Otieno, aliyetaka namba, akaandika moja kwa kukisia. Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, niliona vichwa. Vilikuwa zaidi ya viwili. Vilikuwa na nywele nyekundu za njaa, na chini yake matumbo yaliyovimba. Nikaandika wawili. Fomu ilisema niandike jibu, na jibu lilikuwa wawili.

Siku ya tano, kwa Mwaitu tena, Mkalimani alisikiliza jibu lake, hakulitafsiri. Alipiga hatua kushoto akafunga mwavuli.

"Sasa ni mimi ninasema. Haya mnayoandika ni uongo, na inapitia kwa mdomo yangu."

"Basi tuambie ukweli," nilisema. "Wewe unawajua. Tuambie hii nyumba ina watoto wangapi."

"Mimi si shahidi. Mimi ni mkalimani. Huyu mama amesema wawili. Nikisema watano, nimekuwa mwongo. Nikisema wawili, watatu watakufa. Unaona vile mmenifanya?"

"Si sisi. Ni mila yenu."

Nilisema hivyo. Nataka ibaki imeandikwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona Mkalimani akiwa na hasira hasa, midomo imekauka.

"Mama anaogopa kuhesabu watoto kwa sababu mwaka huu kifo kiko karibu na kinasikia," alisema. "Unataka aseme kwa sauti, watano, halafu kesho wawe wanne, halafu ajue ni yeye aliita? Hiyo si ujinga. Hiyo ni uchungu. Nyinyi ndio mmeuliza swali mbaya. Tafuteni ingine."

Otieno akasema hakuna swali lingine, fomu imeshachapishwa. Mkalimani aliketi chini, kwenye vumbi, na viatu vyake vile. Mwaitu alimletea maji kwenye kibuyu, kidogo tu, akayanywa. Aliposimama alikuwa ameshapata njia.

Jumapili ile alitangaza kanisani, na Jumatatu sokoni Kwa Vonza, na akampelekea ujumbe mzee wa Kisomali aliyekuwa na duka la vitambaa pale pamoja na familia yake, kwamba Jumatano wanafunzi wa chuo kikuu watajitambulisha. Si kwa wazee. Kwa watoto. Watoto wote ambao hawajaanza shule waje uwanja wa shule, hata wa mgongoni, kwa sababu wageni wana adabu na wanataka kuwasalimia.

Walikuja. Walifunika uwanja. Mkalimani alitusimamisha sisi wanne juu ya mawe, tukajitambulisha kwa watoto, kila mmoja kwa mambo matatu, sauti ya juu. Nilisema mimi ni Nafula, mtoto wa mama wa kuuza ndizi, nimetumwa kuleta chakula, na maneno yenu nayapeleka kwa wenye malori. Akatafsiri. Halafu akasema, akiwa mahali pake pa mkalimani, kwa sauti isiyo na mzaha, "Mgeni amejitambulisha. Na mwenyeji hujitambulisha pia."

Mtoto wa kwanza akasukumwa mbele na mama yake. Jina lake Mutua, wa nyumba ya fulani. Nikaandika Mutua. Wa pili, Kavata. Wa tatu alikuwa wa mgongoni, hajui kusema, na mama yake akamshika mkono mdogo akaupunga kwetu. "Huyu ni Musyoka, anawasalimia." Nikaandika Musyoka. Wasichana wa duka la vitambaa walikuja na kaka yao mdogo, Abdi. Hakuna aliyehesabu. Hakuna mama aliyetamka namba. Walikuwa wanasalimiana na wageni, jambo ambalo kila mtoto wa Ukambani anafundishwa kabla ya kutembea. Mama wawili watatu walifika kwetu, wakaondoka, wakarudi wanacheka na mtoto mwingine. "Nilisahau huyu." Mwaitu alileta wale wawili aliosema, na nyuma yao watatu.

Mchana, mwanamke mmoja alifika na watoto watatu. Wakajitambulisha. Kisha akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Na Mwende," Mkalimani alisema.

Nilitafuta Mwende kwa macho. "Yuko wapi?"

Mkalimani alimwuliza, akajibiwa. "Amezikwa juma lililopita."

Nikashusha kalamu. Mkalimani alikuwa ameshika mwavuli juu ya yule mama. Hakupiga hatua kushoto.

"Amesema Mwende," alisema. "Andika."

Niliandika Mwende.

Msimamizi alikuja na gari lake Ijumaa kukusanya fomu. Tulimpa madaftari mawili ya majina. Alifungua kurasa akafunga. Akasema hii si utafiti, hii ni rejista ya shule ya chekechea. Akasema tumevuruga mbinu, kwamba kila chuo duniani kinauliza swali lilelile kwa namna ileile, na sisi ni nani. Akaona jina la Mwende, nililoliwekea alama ndogo pembeni, akauliza ni nini, nikamwambia. "Huyu amekufa. Futa."

"Sifuti."

Sijui nilipata wapi hilo. Aliniambia basi nitafeli mwaka. Otieno akasema na yeye afeli. Na hapo ndipo Mkalimani, aliyekuwa amesimama mbali akipangusa viatu, alipofunga mwavuli, akapiga hatua yake kushoto, akafungua Kiingereza.

Mungu wangu. Kiingereza cha mahakama, kilichonyooka, cha vitenzi vilivyopangwa, kile ambacho msimamizi mwenyewe alikuwa akikitafuta kila akihutubia na hakipati. Alisema fomu za siku nne za kwanza ni ushahidi wa uongo, kwamba yeye ndiye aliyeupitisha, na yuko tayari kuapa hivyo mbele ya kamati. Alisema atakwenda kwa miguu mpaka Kitui mjini kuapa. Alisema mtu mwenye elimu akiona namba ndogo kwenye karatasi na vichwa vingi kwenye uwanja, akachagua karatasi, basi elimu hiyo imempunguzia macho. Sisi wanne tulikuwa tunatazama viatu vyetu, tukikumbuka yote tuliyowahi kusema mbele yake.

Msimamizi hakutaja tena kufeli, na madaftari yalikwenda kwa kamati. Lori likaja. Mkalimani alisimama juu ya magunia akisoma majina, jina moja, kopo moja la maziwa, kuanzia asubuhi hadi kazi ikaisha. Alipofika kwa Mwende alisoma Mwende, na mama yake akaja akapokea. Na watoto wa upande ule, kwa sehemu kubwa, waliuona mwaka uliofuata.

Sasa wizi.

Msimamizi alikuwa mtu wa haraka ya kuelewa kinachofaa. Mwaka uliofuata alichapisha makala kuhusu njia mpya ya kupata idadi ya watoto katika jamii zisizopenda kuhesabiwa. Aliiita njia ya majina. Jina lake lilikuwa la kwanza, langu la pili. Wengine watatu hawakuwemo, na Otieno hajanisamehe, wala simlaumu. Kule mwisho kulikuwa na shukrani kwa kamati, kwa idara, kwa dereva. Kwa dereva! Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya idara. Nilijua kinachokosekana, na mkononi nilikuwa na barua ya kunipeleka ng'ambo kusoma zaidi kwa sababu ya makala ileile. Nikanyamaza. Huko ng'ambo waliniuliza kwenye mikutano, wewe ulifikiriaje jambo hili? Nikawaeleza nilivyofikiria. Nilikuwa na hadithi nzuri kabisa, yenye nyanya yangu ndani yake.

Nilirudi Kwa Vonza katikati ya miaka ya tisini, na mimi mhadhiri, na mimi na wanafunzi wangu wa likizo ndefu. Ukweli wa makala ile nilikuwa bado sijausema. Katika miaka hiyo nilikuwa nimejifunza Kikamba, kwa mwalimu wa jioni na kwa ubishi, mpaka nikaweza kugombana kwa lugha hiyo. Huko Kwa Vonza sikumwambia mtu.

Nilimkuta kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada. Alikuwa amepungua, jicho moja limefunikwa na utando, lakini viatu vilimeta. Wale akina mama walikuwepo, wamezeeka, Mwaitu akiwa mbele kwenye kiti cha plastiki. Niliwasimamisha wanafunzi wangu wakajitambulisha kwa mambo matatu. Kisha nikamwomba mzee anitafsirie, na nikasimama mimi.

Nilisema kwa Kiswahili. Nilisema mimi ni Nafula, mtoto wa mama wa kuuza ndizi. Nilisema kwamba ile njia iliyoleta maziwa imesifiwa Nairobi na ng'ambo kama ya kwangu, na haikuwa ya kwangu, ilikuwa ya mzee huyu. Yeye ndiye aliyeketi vumbini akaifikiria. Mimi nilinyamaza miaka yote hii nikala sifa zake, na nimekuja kusema hivyo mbele ya wale waliokuwepo.

Mkalimani alisikiliza macho yamefumbwa. Kisha, bila kusogea mguu, akawaambia kwa Kikamba, "Anasema anawashukuru nyinyi akina mama, kwa kuwaleta watoto siku ile. Anasema bila nyinyi hangekuwa mwalimu leo."

Akina mama wakapiga makofi. Damu ilinipanda.

"Mzee," nilisema, kwa Kikamba, "umepunguza."

Jicho lake zuri lilifunguka, likanitazama.

"Keti, msichana."

"Siketi. Hukutafsiri nilichosema."

Nikasema yote tena, mwenyewe, kwa Kikamba changu chenye matamshi ya Bungoma. Mwanzoni walicheka, hasa vijana, maana niliharibu maneno. Nilipofika kwenye neno kuiba hakuna aliyecheka. Nilimaliza nikiwa nalia, na sikuona aibu.

Mwaitu ndiye aliyejibu. Hakuinuka kwenye kiti.

"Mtoto wangu, hayo tunayajua. Sisi ndio tulikuwa hapa. Tulimwona akikaa chini na viatu vyake. Ulifikiri ni nani kati yetu alikuwa hajui?"

Nilijipangusa macho kwa kiganja.

"Wewe umetoka mbali kutuambia sisi maneno yetu. Wale waliokupa hiyo kofia ya kusoma, wao wanajua?"

"Hapana, Mwaitu."

"Basi mbona uko hapa?"

Mkalimani alifungua mwavuli akausogeza juu ya kichwa changu.

Nililala Kwa Vonza. Asubuhi nilipanda basi la kwanza la Nairobi, na kabla ya saa sita nilikuwa chuoni, kwenye mlango wa msimamizi wangu wa zamani, aliyekuwa sasa mkuu wa idara, na makala yetu mkononi. Niliingia bila kupiga hodi.